Ukuta wa Nyuma wa Stoo ya Maboti

Hoda alikuwa ameichora ile stoo kwenye karatasi ya miraba, akaitandaza juu ya meza na kuibana pembeni kwa vikombe vya chai. Baba yake, Abdighani, aliinama juu ya karatasi, miwani ikiwa imemteleza hadi ncha ya pua. Mama yake, Bisharo, alibaki kwenye mkeka karibu na mlango wa uani, akichambua mchele kama mtu ambaye jambo hilo halimhusu.

"Aabo, tazama. Hapa boti mbili za faiba. Zinakaa juu ya mbao, zisilale kwa simiti. Hapa ukutani yale maboti ya mpira, matano. Hayo yakiwekwa na maji yanaoza, kwa hivyo sakafu iko na mteremko kidogo, maji itoke yenyewe. Huku juu ni waya wa kupitisha hewa. Waya ya matundu madogo, panya asipite."

"Panya anakula boti?"

"Panya wa mtaa huu wa Bula Pesa? Huyo anakula hata kiatu ya askari na mguu ikiwa ndani."

Abdighani alicheka. Ilikuwa muda mrefu tangu acheke mezani. Hoda akapata nguvu, akaonyesha mahali pa mahema, mahali pa makasia, na safu ndefu ya misumari ya kutundikia jaketi za kuelea, thelathini, za rangi ya chungwa.

"Na ufunguo?" aliuliza Bisharo kutoka mkekani.

"Ufunguo gani, Hooyo?"

"Stoo iko na mlango. Mlango iko na kufuli. Ufunguo atakaa nayo nani?"

Hoda alitazama karatasi yake kana kwamba angekuta jibu limechorwa pale. "Mwenye boti," alisema mwishowe.

"Basi hiyo si stoo," Bisharo alisema, akainuka na ungo wake. "Hiyo ni ile ingine."

Wote watatu walijua ile ingine ni ipi. Lilikuwa kontena la buluu nyuma ya ofisi moja pale mjini. Novemba ya miaka miwili iliyopita, boti la uokoaji lilikaa ndani ya kontena hilo likiwa limefungiwa, huku mtoto wao wa kwanza, Mohamedamin, amesimama juu ya lori lake katikati ya mafuriko, mbele ya Garbatulla. Mwenye ufunguo alikuwa kwenye semina Naivasha. Mada ya semina ilikuwa kujiandaa kwa mafuriko. Mohamedamin hakupatikana, wala mwili wake. Semina iliisha salama na washiriki wote walipewa vyeti.

*

Kazi yenyewe ilikuwa ya halali na ilikuja kama mvua ya rehema. Kambi moja ya watalii kwenye Mto Ewaso Nyiro ilikuwa inatafuta mahali mjini pa kuhifadhi maboti yake msimu wa mvua, mto unapofura na wageni hawaji. Fikiria hilo kidogo. Mto ukiwa mpole, maboti yamo mtoni, wazungu wanacheza. Maji yakianza kuua watu, maboti yanaondolewa yasije yakaharibika.

Lakini Hoda hakuwa na nafasi ya kufikiria hivyo. Alikuwa na diploma yake kabatini na miaka minne ya kuambiwa ajaribu tena mwezi ujao. Baba yake, aliyekuwa mwenye lile lori aliloendesha Mohamedamin, sasa alisimama mlangoni pa bohari ya mtu mwingine akihesabu magunia yanayotoka, na wapakizi aliowahi kuwaajiri walikuwa wakimwita "karani". Kodi ya stoo ingekuwa ya miaka mitatu, na Hoda angekuwa mwangalizi wake, mwenye mshahara na shati lenye jina la kambi kifuani.

Mtu wa kambi aliyekuja kukagua alikuwa Roba, kijana wa Garbatulla aliyesoma, mwenye jukumu la vifaa vyote. Alitoa salamu vizuri, akakaa, ila chai hakuigusa.

"Mzee, kabla ya mambo ya boti. Hati ya kiwanja?"

Abdighani alipanda juu ya kiti, akateremsha fremu iliyokuwa ukutani. Ndani yake mlikuwa na cheti cha babu yake cha kuachishwa jeshi la Mwingereza, na chini ya cheti barua ya kugawiwa kiwanja, mhuri wake umefifia ukabaki kama alama ya kikombe cha chai.

Roba alisoma, akatabasamu. "Mzee, hii ni ya kupeleka makumbusho. Mimi nataka hati."

"Hati tuliambiwa inakuja."

"Mliambiwa lini?"

"Kwanza aliambiwa babu," Abdighani alisema. "Halafu baba. Halafu mimi."

Babu huyo alipigana kwenye vita visivyomhusu, dhidi ya watu wasiomkosea, na alipomaliza alionyeshwa uwanda wa mawe na kuambiwa kaa hapa, hii ni yako, neno la afande linatosha. Karne nzima sasa wajukuu wake wanapanda viti na kuteremsha fremu. Serikali zimebadilika, bendera imebadilika, jibu ni lilelile: kesho, na kwa maandishi.

"Basi nitaandika 'makazi ya muda mrefu'," Roba alisema, kama mtu anayetoa zawadi. "Sasa, masharti. Mlango mmoja, wa chuma. Dirisha hakuna. Kufuli ni yetu. Funguo mbili, zote zinakaa kambini."

"Na mvua ikikata barabara ya kambi?" Bisharo aliuliza kutoka mlangoni.

"Mama Hoda, usijali, vitu vitakuwa salama tu."

Bisharo hakugeuza hata shingo. Miaka ishirini na tisa alikuwa ameitwa Mama Mohamedamin, sokoni, msikitini, kliniki. Baada ya yale maji, majirani walibadilisha kimyakimya, mmoja baada ya mwingine, wakidhani wanampunguzia uchungu. Tangu siku hiyo mtu akisema Mama Hoda yeye alikuwa hasikii.

"Hooyo anauliza mafuriko ikija, watu wakihitaji boti," Hoda alisema haraka, uso ukimwaka.

"Hizi ni boti za kuchezea, dada. Si za dharura." Roba alisimama, akapangusa suruali yake. "Wiki tatu nakuja kukagua. Nikikuta kitu haiko kwa mchoro, kuna mtu wa Kipsing na yeye ana uwanja mkubwa tu."

*

Fundi aliyekuja kupima alikuwa mwanamke wa Meru aliyeitwa Ntinyari, mwenye mabega mapana na pimamaji lililokwaruzika alilolibeba kwapani. Alizunguka ua mara mbili, akaangalia lango, akaangalia karatasi ya Hoda, akatikisa kichwa kwa heshima.

"Umechora vizuri kushinda injinia wengine wenye nawajua. Shida ni trela. Trela ya boti ikiingia hapa inataka mahali pa kukata kona. Stoo inakaa hapa tu, hakuna pengine."

Hapo alipoonyesha palikuwa pale lori lilipokuwa likiegeshwa. Udongo ulikuwa bado mweusi kwa mafuta, na nyasi zilikuwa zimeota kila mahali isipokuwa pale. Ntinyari alipiga kigingi cha kwanza, akavuta uzi. Alipogeuka kupiga cha pili, alimkuta Bisharo ameweka kigoda chake katikati ya doa la mafuta na kukaa.

"Mama, samahani. Hapo ndio kona ya msingi."

"Hapa kuna gari."

Ntinyari aliangalia. Palikuwa na mama, kigoda na mbuzi mmoja. "Gari gani, mama?"

"Ya mtoto yangu."

Fundi alimtazama Hoda, akamtazama Abdighani aliyekuwa amekunja tepu mkononi, kisha akakaa chini juu ya tofali. "Sawa," alisema. "Basi tutangoja gari itoke. Kuna chai?"

Kazi ililala. Alasiri Hoda alileta kigoda cha pili, akakaa karibu na mama yake. Adhana ilipoanza kutoka msikitini, Bisharo aliinua kidole.

"Umesikia?"

"Adhana, Hooyo."

"Si hiyo. Nyuma yake." Alisubiri. "Mlango wa lori. Saa hii ndiyo alikuwa akirudi. Anatoa zile pini mbili, mlango wa nyuma unaanguka, *ba!*, mbuzi zinakimbia. Kila siku nasikia. Mbuzi pia wanasikia, angalia masikio yao."

Hoda hakutaka kuangalia masikio ya mbuzi. Aliangalia, na nywele za mikono zikamsimama.

"Alikuwa akinipigia simu kila saa ya sala," Bisharo aliendelea, sauti ikiwa kavu. "Alfajiri akasema, Hooyo, maji iko kwa tairi. Adhuhuri akasema iko kwa mlango ya dereva, tumepanda juu ya turubai, mimi na Dullo. Alasiri akaniuliza, hiyo boti imetoka? Nikamwambia, wanatafuta ufunguo. Akacheka. Akasema, ufunguo wa nini, Hooyo, kwani mto iko na mlango? Simu ikazima." Alikung'uta vumbi kwenye dirii yake, lile gauni pana. "Hilo ndilo neno mtoto yangu alibeba kutoka kwangu. Sikumwambia Mungu akulinde. Sikumtamkia shahada. Nilimwambia wanatafuta ufunguo. Na wewe unataka kunijengea kufuli hapa, nilale nayo, niamke nayo."

"Hooyo, mimi nataka tule."

"Najua, mwanangu. Najua."

Imamu alikuwa amekuja mara tatu tangu ajali ile, akitaka wamswalie Mohamedamin sala ya ghaibu, sala ya maiti asiyekuwepo. Mara tatu Bisharo alimjibu kwa adabu kwamba haswaliwi mtu ambaye lori lake analisikia likifika. Kwa hiyo nyumba ile haikuwa na kaburi, haikuwa na matanga, haikuwa na siku ya kwanza wala ya arobaini. Ilikuwa na doa la mafuta.

Nyuma ya zizi la mbuzi, Abdighani alikuwa amesikia yote. Kulikuwa na jambo moja ambalo mke wake hakulijua. Alikunja tepu, akavaa kofia yake na kutoka.

*

Dullo alikuwa tanboi wa lile lori, aliyepakia na kupakua na kulala juu ya mizigo. Sasa alikuwa mchomeleaji wa vyuma kwenye vibanda vya jua kali karibu na soko la mifugo. Alipomwona mzee alizima mashine, akavua miwani myeusi.

"Mzee. Karibu. Mama Mohamedamin hajambo?"

Yeye peke yake alikuwa hajabadilisha.

Abdighani alikaa juu ya rimu ya tairi. Cheche za kibanda cha jirani zilikuwa zikiruka na kuzimika.

"Dullo, siku ile mimi nilikuwa na nyundo."

"Nyundo gani, mzee?"

"Ya kutolea pini. Ile ya ziada, ilikuwa kwa pikipiki yangu. Nilisimama mbele ya hiyo kontena nayo mkononi. Kufuli yenyewe ilikuwa ya kichina, kufuli ya banda la kuku. Pigo moja, mbili. Mlinzi akaniambia, mzee, ngoja, nimepiga simu, kuna barua ya ruhusa inakuja. Nikasema sawa." Alitazama viganja vyake. "Kutoka adhuhuri mpaka kesho yake asubuhi. Nilisimama, Dullo. Hata kukaa sikukaa. Nilificha ile nyundo nyuma ya mgongo, nikasimama kama babu yangu kwenye gwaride. Nikingoja amri."

Mtu mwingine yeyote wa mji ule angevunja. Mrendile angevunja, Mturkana angevunja akaondoka na kufuli. Lakini watu wa nyumba ya Abdighani walilelewa chini ya ile fremu. Walifundishwa kwamba mali ya serikali haiguswi bila karatasi, na kwamba anayengoja kwa adabu hukumbukwa. Hawakukumbukwa hata siku moja, na bado walikuwa wakisimama wima.

Dullo hakumwambia pole. Alisema, "Na mimi Mohamedamin alinipa jerikeni, mzee. Ilikuwa moja tu. Alinifunga nayo kifuani na kamba ya turubai. Nikamwuliza, na wewe? Akasema boti inakuja, baba yuko huko, anaileta."

Dullo aliinuka, akaondoa magunia yaliyokuwa yameegemea ukuta wa kibanda. Nyuma yake kulikuwa na mlango wa nyuma wa lori, ubao mzito uliozungushiwa chuma, rangi ya kijani imebanduka. Wafugaji walikuwa wameuokota kwenye mchanga maji yalipokauka. Juu yake, kwa herufi nyekundu zenye madoido, bado palisomeka maneno ambayo Mohamedamin mwenyewe aliyachagua: SALIMIA MAMA.

"Watu wamekuja kuununua kama chuma chakavu," Dullo alisema. "Siwezi kuukata. Siwezi pia kuuangalia."

Abdighani alitoa tepu mfukoni. Alipima upana, kisha akapima tena.

"Boti ya faiba inapita hapa," alisema.

*

"Mkataba inasema mlango mmoja," Hoda alisema jioni ile, karatasi yake mbele ya kifua kama ngao.

"Huu si mlango. Ni ukuta wa nyuma."

"Aabo, ukuta hauna pini!"

"Huu unazo."

"Na mimi ndio natia sahihi! Jina langu! Roba akijua, kazi imeenda, na ataniita mwizi mbele ya mji mzima. Mnataka niwe mwizi?"

"Nilikuwa mwaminifu mimi," Abdighani alisema. Kisha akamgeukia mke wake aliyekuwa amekaa mkekani, na akamwambia habari ya nyundo. Aliieleza yote, kufuli ya kuku, mlinzi, gwaride, bila kuinua macho.

Bisharo aliuliza swali moja tu. "Ilikuwa mkononi?"

"Ilikuwa mkononi."

Aliinuka, akaingia chumbani na kufunga mlango. Akaacha kuzungumza na mumewe. Siku mbili alipika, akamtengea, akaenda kukaa kwenye kigoda chake juu ya doa la mafuta. Ntinyari alikuja asubuhi zote mbili, akanywa chai, akaenda. Wiki mbili tu zilikuwa zimebaki, na upande wa milima ya Nyambene mawingu yalianza kukaa muda mrefu kuliko kawaida.

Siku ya tatu, Ntinyari alimkuta Bisharo amesimama, kigoda kikiwa kwapani.

"Fundi," alisema. "Gari imetoka. Chimba."

*

Ilijengwa kwa siku kumi na moja. Ntinyari aliipa sakafu mteremko jinsi karatasi ilivyosema, akamwaga ndoo ya maji, akatazama yanavyokimbia, akamwambia Hoda, "Ona, injinia." Walifunga mabati, wakatia waya wa hewa chini ya paa, wakaweka mbao za kulalia maboti na fremu za kupangia makasia. Ukuta wa mbele ulipata mlango wa chuma wenye komeo nene, mzuri kiasi cha kutia wivu. Ukuta wa nyuma ulitazama zizi la mbuzi, lundo la majivu na kamba za nguo. Dullo aliuchomelea ule mlango wa lori hapo, bawaba chini na pini mbili juu, upande wa maandishi ukitazama ndani. Kwa nje aliupaka rangi ileile ya mabati. Alifanya kazi yote hiyo na miwani myeusi usoni, hata wakati ambapo hakuwa akichomelea.

Roba alikuja na lori, trela na wapakizi wanne. Maboti yaliingizwa. Jaketi zilitundikwa ukutani, nyingi sana, mpya, hazijawahi kulowa. Dullo, aliyekuwa amesimama kando, alichukua moja akaivaa, akafunga vifungo vyake vyote vitatu, akavuta kamba kuona kama zinashika. Kisha akaivua na kuirudisha msumarini bila kumtazama mtu.

Roba alikagua kwa mchoro mkononi. Alikanyaga sakafu, akagonga mabati. Alifika kwenye ukuta wa nyuma, ambapo makasia yalikuwa yamepangwa, na nyuma ya makasia palionekana kipande cha wekundu.

"Hii imeandikwa nini?"

"Ni mbao ya zamani," Abdighani alisema.

"Mzee, mngenunua hata rangi ya kufunika." Roba alicheka kidogo, kwa huruma ya mtu anayejua maskini wanavyojenga. "Haya. Nje ya nyuma kuko aje?"

"Kuko na mbuzi," Hoda alisema.

Roba alitazama viatu vyake. Vilikuwa vya ngozi, vya kahawia, amevisugua asubuhi hiyo. Alipiga hatua mbili kuelekea kona ya jengo, akaona kinyesi, akaona nguo za ndani za kina mama kwenye kamba, akarudi. Wakubwa wa nchi hii hawazunguki nyuma. Laiti wangezunguka wangejua mambo mengi.

"Iko sawa," alisema. Alifunga kufuli, akaivuta mara tatu, akatia funguo zote mbili mfukoni mwake. Hoda alipewa kalamu. Kwenye ile fomu palikuwa na mstari unaosema: *Nathibitisha kuwa jengo lina mlango mmoja.* Alimtazama baba yake, aliyekuwa amesimama wima kwa mazoea. Alimtazama mama yake. Akatia sahihi, herufi zote, jina la baba na la babu.

"Hongera, dada. Na Mama Hoda pia, hongera," Roba alisema, akapanda gari. Bisharo alikuwa akiangalia mawingu.

*

Lori la kambi lilipotokomea, vumbi lilichukua muda kutulia. Ntinyari alikuwa akikusanya vifaa vyake. Dullo alikuwa amekaa langoni.

Hoda aliingia ndani, akatoka na nyundo. Aliijua nyundo hiyo. Ilikuwa kwenye sanduku la pikipiki miaka miwili, imefungwa kwa tambara. Alimpelekea mama yake.

"Hooyo, lazima tujaribu. Kitu isipojaribiwa, siku ikitakiwa itakwama."

"Na sahihi yako?"

"Sahihi yangu iko kwa karatasi," Hoda alisema. "Boti iko hapa."

Walizunguka nyuma. Mbuzi walisogea. Bisharo aliishika nyundo kwa mikono miwili, akaupiga mwisho wa pini ya kwanza kutoka chini. Ilitoka kirahisi, Dullo alikuwa ameipaka grisi. Ya pili iligoma, akaipiga tena, na tena, meno yameumana. Msikitini kipaza sauti kilikohoa. Pini ikaruka.

Mlango ulianguka. *Ba!*

Makasia yalimwagika. Mbuzi walitimka hadi ukutani, na uani kwa jirani mtoto alianza kulia. Maneno mekundu yalikuwa sasa yamelala yakitazama juu. Bisharo hakuwa anajua kusoma herufi hizo, alisomea chuo cha Kurani tu, lakini maneno hayo mawili aliyajua kwa sura yake, jinsi mtu anavyojua mwendo wa mtu wake kwa mbali.

Alisimama pale, kichwa kimeinama upande mmoja, akisikiliza. Adhana ilianza. Ilienda mpaka mwisho. Nyuma yake hakukufuata kitu.

"Hakuna," alisema polepole. "Sauti imekuja mara moja tu."

Kisha akakaa ukingoni mwa ule ubao, akalia kwa sauti kubwa, kilio cha miaka miwili. Dullo alifika mbio, akapiga magoti mbele yake, na jina likamtoka bila kufikiri: "Mama Mohamedamin. Mama Mohamedamin." Naye akaitika.

Alipomaliza alijipangusa kwa shela, akamwona mume wake amesimama kwenye kona ya jengo, hathubutu kukaribia.

"Abdighani," alimwita. Lilikuwa neno la kwanza alilomwambia tangu ile jioni. "Unangoja nini? Nenda mwambie imamu amswalie. Leo. Usiulize mtu ruhusa."

Abdighani aliondoka. Hakuvaa hata kofia.

Tone la kwanza la mvua lilianguka juu ya mabati, zito, kisha lingine. Ule ubao haungeweza kuachwa wazi. Dullo na Ntinyari walirudisha makasia ndani, wakasogea kuushika, lakini Bisharo aliwazuia kwa mkono.

"Mimi na Hoda," alisema.

Wanawake wa kwetu hawabebi jeneza. Huletewa habari mlangoni kwamba limeshafika, kwamba udongo umeshafukiwa, na wao hubaki na mikono mitupu. Mama alishika upande mmoja, binti upande wa pili. Walichuchumaa, wakatamka bismillahi, wakauinua ule ubao kutoka chini. Ulikuwa mzito kuliko walivyodhani. Waliupandisha hadi magotini, hadi kiunoni, wakapumzika, wakauinua tena hadi mabegani, na hapo, kabla ya kuufunga, Bisharo aliegemeza shavu lake juu ya ile mbao kwa muda mfupi.

"Haya," alisema. "Pini."